Nasima Alitoka Kwetu

Vifaru weupe wa kaskazini waliobaki duniani ni wawili, mama na mwanawe. Mama ni Najin, aliyezaliwa mwaka 1989. Mwana ni Fatu, aliyezaliwa mwaka 2000. Wote wawili walizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Sasa wanaishi Ol Pejeta, karibu na Nanyuki nchini Kenya, chini ya ulinzi wa askari wenye bunduki usiku na mchana. Watu hutoka Ulaya na Marekani kwenda kuwatazama. Sisi wa Arua na Koboko hatuendi, ingawa tuna haki zaidi ya kwenda kuliko wageni hao wote. Mama yake Najin aliitwa Nasima, na Nasima alikamatwa porini Uganda. Katika Uganda nzima kifaru mweupe hakuwa na makao ya asili penginepo ila ng'ambo hii ya magharibi ya Nile, yaani West Nile. Hata waliokuja kuonekana Murchison Falls walihamishwa kutoka kwetu. Wanyama hao wawili wa mwisho ni wajukuu wa West Nile.

Nimefundisha historia Koboko kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Wanafunzi wangu waliweza kueleza Mkutano wa Berlin na sababu za vita vikuu viwili, kama mtihani ulivyotaka. Lakini hakuna kitabu tulichopewa kilichowaambia kwamba ardhi waliyokanyaga wakija shule iliwahi kuwa makao ya mnyama wa pili kwa ukubwa wa nchi kavu baada ya ndovu, wala jinsi alivyotutoka. Mimi niliyajua kwa sababu babu yangu, mzaa baba, alikuwa askari wa Gemu, ndivyo wazee wetu walivyoiita idara ya wanyamapori wakati wa Mwingereza. Aliyoniambia, pamoja na niliyoyasoma baadaye, yamenipa neno moja la kusema: kifaru wa West Nile aliuawa kila mara nchi hii ilipoachwa bila mwenyewe, na alipona kila mara mtu wa hapa alipokubali kuwa mwenyewe wake.

Tuanze na Lado. Mwaka 1894 Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ukingo huu wa magharibi wa Nile, ulioitwa Lado, kwa muda wa uhai wake tu. Mkataba wa namna hiyo humfanya mpangaji achume haraka, asijenge kitu. Leopold alifariki Desemba 1909, na katikati ya mwaka 1910 Lado ikakabidhiwa Sudan. Sehemu ya kusini, hii ya kwetu, iliingizwa Uganda mwaka 1914, na mwaka huo huo Weatherhead, mkuu wa kwanza wa wilaya, akaweka makao yake Arua. Katika miaka ile ya pengo, Mbelgiji akiondoka na Mwingereza hajafika, wawindaji wa kizungu walivuka mto kwa uhuru. Miongoni mwao walikuwa John Boyes na W. D. M. Bell, ambao majina yao yamo katika vitabu vya uwindaji hadi leo. Walichokitafuta ni pembe za ndovu, lakini njia waliyoifungua ilipitiwa na kila bunduki iliyofuata.

Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakiamini kwamba kifaru mweupe anapatikana kusini mwa Zambezi tu. Karibu na mwaka 1900 fuvu kutoka Lado lilivunja imani hiyo. Mwaka 1908 Richard Lydekker wa London alimwandika kifaru wetu kuwa jamii yake mwenyewe na kumpa jina cottoni, kwa heshima ya Meja Powell-Cotton, aliyewapiga risasi vifaru kadhaa huku na kuvipeleka vielelezo Uingereza. Makumbusho ya Powell-Cotton bado yapo katika mji wa Birchington, Kent. Mnyama alipata jina la kitaalamu kutoka kwa mtu aliyemuua, na wenyeji waliomjua kwa karne nyingi, Walugbara, Wakakwa, Wamadi na Waalur, hawakuulizwa lolote.

Kisha akaja Theodore Roosevelt. Alikuwa ametoka madarakani Marekani mwezi Machi 1909, na Januari 1910 alishuka kwa mashua kutoka Ziwa Albert, akapiga kambi ukingoni mwa magharibi, katika eneo ambalo mpaka leo tunaliita Rhino Camp. Alikuwa akikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington. Yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru weupe tisa. Sitamhukumu mtu wa 1910 kwa sheria za leo, na najua vielelezo vile vimewafundisha watu wengi. Ila msomaji aone mizani ilivyokaa: mifupa na ngozi za vifaru wetu zimehifadhiwa salama Washington kwa zaidi ya miaka mia, na sisi hatuna hata picha moja ya kuwaonyesha watoto ukutani mwa darasa.

Idara ya Gemu ilianzishwa mwaka 1925, na kwa miaka mingi iliongozwa na Kapteni Charles Pitman. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwazuia ndovu wasile mashamba, na ulinzi wa wanyama wengine ulikuja nyuma. Babu yangu aliajiriwa baadaye, akapangwa upande wa mtoni, kule chini ambako joto ni kali, mbung'o ni wengi na watu walikuwa wachache. Mbung'o, aliyeleta malale kwa watu na kuua ng'ombe, ndiye aliyemwachia kifaru nafasi. Penye ng'ombe wengi nyasi fupi huisha, na kifaru mweupe hula nyasi fupi tu; mdomo wake ni mpana na bapa, umeumbwa kuchunga chini kabisa.

Babu aliwajua kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Alisema kifaru mweupe haoni vizuri lakini anasikia na kunusa kupita mbwa, kwa hiyo ukijua upepo unatoka wapi unaweza kumkaribia mpaka ukamsikia anavyotafuna. Alisema dume hurudi kunya mahali pale pale, siku baada ya siku, mpaka panakuwa lundo. Ndiyo alama ya mipaka yake. Alisema mama akikimbia humtanguliza ndama mbele. Mambo hayo matatu yalimpa babu raha alipokuwa akiyasimulia, na ndiyo hayo hayo yaliyommaliza mnyama. Mwindaji anayemkuta kipofu, anayejua atarudi wapi, na anayejua kwamba mama hatamwacha mtoto, hahitaji ujuzi mwingi. Ongeza kwamba jike hubeba mimba miezi 16, huzaa ndama mmoja, na hupumzika miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa tena. Ukiwaua haraka kuliko hapo, hesabu haiwezi kurudi.

Ulinzi wa serikali ulikuwa mwembamba, na Mwingereza aliitazama West Nile hasa kama mahali pa kutoa askari wa King's African Rifles na vibarua wa miwa ya Kakira na Lugazi. Ulinzi uliofanya kazi kweli ulitoka kwa wenyeji. Karibu na Rhino Camp kuna ardhi iliyoinuka kidogo katikati ya vinamasi vya Nile, kisiwa cha nyasi kilichozungukwa na matete. Chifu wa eneo hilo aliitwa Ajai, na anakumbukwa kwa kuwakinga wanyama wa pale dhidi ya wawindaji. Maji yalifanya kazi ya ua, na neno la chifu likafanya kazi ya sheria. Serikali ilipokuja kutangaza hifadhi rasmi katika miaka ya 1960, iliipa jina lake. Ajai ni eneo dogo, kilomita za mraba zipatazo 166. Kaskazini zaidi palitengwa pia hifadhi za kifaru katika misitu ya Mlima Kei, upande wa Yumbe baada tu ya Koboko, na Mlima Otze kule Moyo.

Katikati ya miaka ya 1950 West Nile ilihesabiwa kuwa na vifaru weupe zaidi ya 300. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hawakuzidi mia. Ndani ya miaka isiyofika kumi thuluthi mbili walikuwa wameondoka. Babu alikuwa kazini wakati huo na hakumsingizia mtu. Alisema mkulima aliyetega shimo alitaka nyama, akaipata mara moja. Aliyerudi kila mwezi alikuwa mnunuzi wa pembe, mtu wa mjini mwenye gari, ambaye hakuwahi kukamatwa. Kutoka hapa pembe ilielekea pwani, Mombasa, na kutoka huko baharini. Mnunuzi aliondoka na faida, mkulima akabaki na kesi.

Serikali iliona hatari hiyo. Mwaka 1961, na tena mwaka 1964, vifaru 15 kwa jumla walikamatwa huku na kuvushwa Nile kwenda Hifadhi ya Taifa ya Murchison Falls. Wasaidizi wa Kiafrika waliovuta kamba wakati wa kuwakamata hawakuandikwa majina, na nimewahi kuwasikia wazee wa mtoni wakitajana wenyewe kwa wenyewe nani alishika kamba ipi. Vifaru wale walizoea huko Murchison na kuzaa. Kazi ile ilionyesha kwamba mnyama huyu anaweza kuhamishwa na akaendelea kuishi. Ilionyesha pia kwamba wakuu walikwisha kukata tamaa na ng'ambo hii.

Yaliyofuata tunayajua wote kwa miili yetu. Kule Sudan vita vya waasi wa Anyanya vilikuwa vikimwaga bunduki mpakani. Kule Kongo waasi wa Simba walienea mwaka 1964. Mwaka 1971 Idi Amin, mtu ambaye ukoo wake unahusishwa na Koboko yetu, alichukua serikali, na katika miaka yake askari walikuwa na silaha nyingi na nidhamu kidogo. Wakati huo huo fedha za mafuta zilikuwa zimefurika Uarabuni, na Wayemeni waliokuwa wakifanya kazi Saudia waliweza kununua jambia zenye mpini wa pembe ya kifaru, heshima ambayo zamani ilikuwa ya matajiri tu. Bei ikapanda. Biashara ya kimataifa ya pembe za vifaru ilipigwa marufuku mwaka 1977, lakini marufuku bila askari wa kuisimamia ni karatasi.

Mwaka 1979 jeshi la Amin lilishindwa, na vita viliishia huku kwetu, kwenye mpaka wa Sudan. Oktoba 1980 wanajeshi wa zamani walivuka kurudi kutoka Sudan, na jeshi la serikali mpya likajibu kwa kulipiza kisasi kwa raia. Arua na Koboko zikamwagika. Wengine walikimbilia Zaire, wengine Sudan. Babu alivuka kwa miguu kuelekea Yei, akiwa amefukia sare yake ya Gemu ardhini, maana nguo yoyote ya kijani ingeweza kumuua. Nchi ilibaki bila watu na bila sheria, ila na bunduki. Hakuna aliyeandika siku ya kifaru wa mwisho wa West Nile kufa. Kinachojulikana ni kwamba mwaka 1983 Uganda nzima haikuwa na kifaru hata mmoja, mweupe wala mweusi. Murchison nako waliuawa wote. Watu waliporudi kuanzia 1986 walikuta nyumba zimekuwa vichaka, na wakawa na kazi ya kujenga upya. Nani angekuwa na muda wa kuuliza habari za kifaru?

Jirani zetu wa Kongo walishikilia kwa muda mrefu zaidi. Hifadhi ya Garamba, iliyoanzishwa mwaka 1938, haiko mbali na mpaka wetu. Mwaka 1960 ilikuwa na vifaru zaidi ya 1,000. Mwaka 1984 walikuwa 15. Ulinzi ulipoimarishwa, wakaongezeka hadi karibu 30, na walibaki hivyo hata vita vya Kongo vya miaka ya 1990 vilipopita. Ni ushahidi mkubwa: kundi la wanyama 15 liliongezeka mara mbili kwa sababu tu kulikuwa na walinzi waliolipwa na kuheshimiwa. Lakini kuanzia 2003 majangili wenye silaha nzito kutoka Sudan waliwamaliza kwa haraka. Mwaka 2005 ulipangwa mpango wa kuwapeleka wachache waliosalia Kenya, siasa ikauzuia. Tangu takriban 2007 hakuna aliyeonekana tena.

Hapo ndipo habari inarudi kwa Nasima. Alitolewa Uganda kabla ya mauaji makubwa, akapelekwa Knowsley Safari Park Uingereza, na mwaka 1977 akahamishiwa Dvůr Králové. Kule alizaa Suni mwaka 1980, kifaru wa kwanza wa jamii hii kuzaliwa mikononi mwa watu, kisha Najin mwaka 1989. Baba wa Najin aliitwa Sudan, dume aliyekamatwa Shambe, Sudan Kusini ya leo. Nasima alikufa mwaka 1992 bila kuiona Nile tena. Desemba 2009 Sudan, Suni, Najin na Fatu waliletwa Ol Pejeta kwa matumaini kwamba jua na nyasi za Afrika vingewafanya wazae. Hawakuzaa. Suni alikufa Oktoba 2014, na Sudan, dume wa mwisho, akafa tarehe 19 Machi 2018.

Najin na Fatu wenyewe hawawezi kubeba mimba. Kwa hiyo tangu mwaka 2019 wataalamu wa mradi wa BioRescue, wakishirikiana na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, wamekuwa wakivuna mayai ya Fatu, kuyapeleka Cremona nchini Italia, kuyarutubisha kwa mbegu za madume waliokufa, na kugandisha viinitete. Viinitete zaidi ya 30 vimehifadhiwa hivyo. Jike wa jamii ya kusini ndiye atakayebeba mimba. Januari 2024 ilitangazwa kwamba kwa mara ya kwanza duniani kiinitete cha kifaru, cha jamii ya kusini kwa ajili ya majaribio, kilishika tumboni mwa jike kama huyo. Jike yule alikufa kwa maambukizi ya bakteria kabla ya kuzaa, lakini ilithibitika kwamba njia inapitika. Siku ndama wa kaskazini atakapozaliwa, ndama wa damu ya Fatu, robo ya ukoo wake wa mama itakuwa imetoka kwenye nyasi zetu.

Nyumbani nako kazi imeanza upya. Ziwa, huko Nakasongola, ilipokea vifaru weupe wa kusini kuanzia 2005, wanne kutoka Solio, Kenya, na wawili kutoka Marekani, na sasa wamezidi 40. Garamba ililetewa 16 kutoka Afrika Kusini mnamo Juni 2023. Na kwa miaka kadhaa Mamlaka ya Wanyamapori Uganda imekuwa na mpango wa kumrudisha kifaru Ajai. Nimewasikia watu Arua wakisema hao wa kusini si wetu, waachwe. Mimi sikubaliani nao. Kifaru wa kusini anakula nyasi ile ile kwa mdomo ule ule, anahitaji mlinzi yule yule, na tumbo lake ndilo linalotegemewa kumzaa wa kaskazini. Tukiweza kumtunza mgeni, tutakuwa na mahali pa kumpokea mwenyeji.

Ila Ajai ya leo si ile ya chifu. Kando yake kuna kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Imvepi, zenye ndugu zetu wa Sudan Kusini waliokimbia kama tulivyokimbia sisi, nao wanahitaji kuni za kupikia na majani ya kuezekea. Wavuvi wanaingia vinamasini. Ng'ombe wanatafuta malisho wakati wa kiangazi. Mlima Kei nao unatazamwa na watu wengi kama ghala la mkaa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 ni kali; aliyeua mnyama aliye hatarini kutoweka anaweza kufungwa maisha. Sheria hiyo hiyo inaagiza asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini zirudi kwa jirani wa hifadhi. Kifungu cha kwanza wananchi wote wanakijua, kwa sababu mtu akikamatwa redio hutangaza. Cha pili wachache wamekisikia. Mtu anayejua jela tu, hajui faida, atamwona kifaru kuwa mtego aliotegewa na serikali.

Ndiyo maana nasema ulinzi uanze kwa kumrudishia mwananchi umiliki. Walinzi wa Ajai waajiriwe kutoka vijiji vya Madi-Okollo vinavyoizunguka. Wazee waliobaki wa Gemu, kama wapo, wasikilizwe na maneno yao yaandikwe kabla hawajatutoka. Babu yangu aliondoka na mengi ambayo sikumwuliza. Majiko yanayokula kuni kidogo yafike kambini na vijijini kwa pamoja, kwani msitu haumbagui mkataji. Na halmashauri za Arua, Koboko, Yumbe, Moyo na Madi-Okollo ziiombe serikali jambo moja kwa sauti moja: viinitete vile vikizaa, sehemu ya uzao huo ipangiwe West Nile, kwa sababu ndiko bibi yao alikotoka.

Walimu wenzangu, jambo la mwisho ni letu. Habari ya Nasima haihitaji kibali cha wizara ili isimuliwe darasani. Inahitaji kipindi kimoja na ubao. Mtoto wa Koboko akijua kwamba kifaru alikuwa wa kwao, na kwamba aliuawa hapa wakati wenyewe tuko ukimbizini, atakapokuwa diwani au askari au mfanyabiashara atajua cha kukataa pale mnunuzi wa pembe atakapokuja na gari lake. Na atakuja, maana pembe bado ina bei.